Sikio nililolizika mwaka 1990 lilirudi kunidai

Kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 2019 lilinikuta na magauni kumi na manne ya watu mezani na kanzu sita za watoto zilizokatwa lakini hazijashonwa. Fundi cherehani yeyote wa Tanga anajua siku hizo zilivyo: hulali, na mteja hataki kusikia habari za umeme kukatika. Saa tisa alasiri nilikuwa nimeinama natia uzi kwenye sindano, mara tundu la sindano likahama. Nikalifuata. Likahama tena. Kisha cherehani, meza, ukuta na mlango vyote vikaanza kukimbilia upande mmoja, kama mtu ameishika nyumba kwa paa anaizungusha.

Kizunguzungu nilikuwa nakijua, kile cha kusimama ghafla ukaona giza. Hiki hakikuwa hicho. Nililala chini kwenye sakafu, nikashika mguu wa meza, na bado nikawa nahisi naanguka. Nilitapika mpaka nyongo. Binti yangu alinishika kichwa akasema, "Mama, macho yako yanachezacheza." Akili yangu ilikuwa timamu, nilimsikia, nilimjibu. Saa mbili na nusu baadaye kikaondoka kama kilivyokuja, kikaniacha nimelegea kama nguo iliyokamuliwa.

Kila aliyeingia kuniona alikuja na jawabu lake. Jirani alisema ni funga imenichosha. Mama mkwe akasema sukari imeshuka. Mume wangu akasema malaria. Mimi mwenyewe, nikiwa na miaka thelathini na saba, niliogopa mimba.

Nilipima vyote hivyo. Hakukuwa na mimba, sukari ilikuwa sawa, presha sawa. Malaria haikuonekana kwenye kipimo, lakini nilipewa dawa ya mseto hivyo hivyo "kwa tahadhari", nami nikaimeza. Nilinyamaza hata nilipoambiwa nimechoka tu. Wiki tatu zikapita, kikarudi. Safari hii ilikuwa usiku, nami nimelala. Kuanzia hapo hadi Desemba kilikuja mara mbili, wakati mwingine mara nne kwa mwezi, hakina siku wala saa.

Kati ya Juni na Desemba nilitumia kama shilingi laki sita na nusu bila kujua jina la ninachoumwa. Humo mna vipimo vya malaria vinne, dawa za vidonda vya tumbo, vitamini za sindano, na dawa ya presha niliyomeza mwezi mzima kwa sababu siku moja nilipimwa presha nikiwa bado natapika. Humo pia mna shilingi laki na nusu za kombe na ubani. Mganga alisema ni jini wa baharini, maana navutwa upande mmoja. Sitamcheka. Nilikwenda kwa miguu yangu, na ukweli ni kwamba yeye peke yake katika miezi ile alinisikiliza zaidi ya dakika tano. Ila hakunipunguzia hata siku moja ya kuanguka.

Zahanati moja ilinipa rufaa, nikaonwa na daktari kijana, mwungwana sana. Alinikalisha kitandani, akanilaza kwa ghafla kichwa kikining'inia ukingoni, akakigeuza huku na huku. Alieleza kuwa ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo mno vya chokaa, na vikihama mahali pake vinaleta kizunguzungu. Mzunguko ule wa kichwa huvirudisha. Ni kweli, ugonjwa huo upo, tena ndio wa kawaida zaidi. Jirani yangu mmoja wa Chumbageni alipona kwa zoezi hilo hilo kwa siku moja. Lakini wa vijiwe huja ukijigeuza kitandani au ukiinua kichwa, na hauzidi dakika moja. Changu kilikuwa kinakaa saa nzima, saa mbili, mara moja kilikaa tano. Daktari hakuniuliza kinakaa muda gani, nami sikumwambia. Nilitapika kwenye shuka lake, nikarudi nyumbani.

Jambo hili la muda laiti ningelijua mapema. Kizunguzungu cha sekunde, cha saa, na cha siku nzima usiku na mchana si ndugu wa tumbo moja. Tazama saa kinapoanza, tazama saa kinapokwisha. Mimi nilianza kuandika Oktoba, kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo vya wateja. Mbele mna mapaja na mabega ya watu, nyuma mna kuanguka kwangu: tarehe, kimekaa muda gani, nimekula nini, sikio limevuma au halikuvuma. Niliandika "sikio limevuma" bila kufikiri. Nililiona kama jambo la pembeni.

Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipo, na ndilo linalonifanya niandike yote haya.

Kila mahali nilipokwenda niliulizwa: "Una tatizo lolote la zamani?" Kila mahali nilijibu: "Sina." Na hali sikio langu la kushoto halisikii tangu nikiwa na miaka minane.

Ilikuwa mwaka 1990. Matubwitubwi yalipita mtaani kwetu Ngamiani, kila mtoto akavimba mashavu. Bibi alinipaka masizi ya chungu, nikakaa ndani wiki, nikapona, nikarudi kucheza. Baada ya muda mwalimu akaanza kuniona mtukutu: akiniita kutoka upande wa dirisha sigeuki. Nyumbani walijua kwa adhana. Nikilalia sikio la kulia siisikii ya alfajiri hata msikiti ukiwa nyumba ya tatu. Nikilalia la kushoto naamka. Mama alinipeleka hospitali, akaambiwa mshipa wa sikio umekufa, mtoto ana jingine, mshukuru Mungu. Tukashukuru. Nikakua nikijua kukaa upande wa kushoto kabisa wa benchi ili watu wote wawe kuliani kwangu, na kutembea kushoto kwa mume wangu. Watoto wangu wanajua mama haitwi kutokea kushoto. Nilikwisha kulizika sikio lile. Mtu akiniuliza kama nina ugonjwa, simtaji maiti.

Januari 2020 shangazi yangu wa Dar es Salaam alinitafutia siku kwa daktari wa masikio, pua na koo. Safari yenyewe ilikuwa mtihani. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni iliyotangulia, kwa hiyo nilipanda basi na kindoo cha rangi chenye mfuniko mapajani. Kizunguzungu kilinishika tulipopita Segera. Konda akanong'ona kwa sauti ya kusikika basi zima, "Mama mjamzito huyu, mpisheni dirishani." Kama unasafiri na ugonjwa huu, kaa mbele, kazia macho kitu cha mbali kisichotikisika, usisome simu, na kindoo usikione aibu.

Daktari aliingia chumbani kutokea mlango uliokuwa kushoto kwangu. Akanisalimia. Sikumjibu. Akasogea mbele, akasalimia tena, nikageuza shingo yote kumpa sikio la kulia. Hakukaa. Aliuliza palepale akiwa amesimama, "Dada, hilo la kushoto lina muda gani?"

Nikamwambia, tangu utotoni, lakini daktari, sikuja kwa ajili ya hilo, nimekuja kwa kizunguzungu.

Akavuta kiti. "Inawezekana umekuja kwa ajili ya hilo hilo."

Nitaeleza kama alivyonieleza, maana ndipo nilipoelewa miezi minane ya maisha yangu. Ndani ya mfupa nyuma ya sikio kuna chumba kimoja chenye kazi mbili. Kuna sehemu iliyojikunja kama konokono, ndiyo ya kusikia. Kuna mifereji mitatu na vifuko viwili, ndiyo mizani ya mwili. Vyote vinajazwa na majimaji yaleyale, yanayotengenezwa na kunyonywa kila siku kwa kipimo. Matubwitubwi yaliua upande wa konokono. Upande wa mizani haukufa. Ila inadhaniwa kwamba ugonjwa ule unaacha kovu kwenye njia ya kunyonya majimaji, na njia inaziba taratibu, mwaka baada ya mwaka. Mtu wa Ngamiani hahitaji kuelezwa zaidi: mtaro ukijaa mchanga, maji hayafuriki siku ile ile. Yalikuja kufurika kwangu baada ya miaka ishirini na tisa. Yakijaa yanatanua utando, mizani inapeleka habari za uongo kwenye ubongo, na ubongo unaamini nyumba inazunguka.

Aliniandikia jina kwenye karatasi: hidropsi ya endolimfu inayochelewa, yaani kufurika kwa majimaji yale ya sikio kunakokuja baadaye sana. Ni ndugu wa ugonjwa wa Ménière, wa yule daktari wa Paris aliyeandika mwaka 1861 kwamba kizunguzungu cha namna hii kinatoka sikioni, wakati wenzake wakiamini ni cha ubongo. Huu wa kuchelewa uliandikwa kwa jina hilo mwaka 1978 na daktari wa Boston aitwaye Schuknecht. Aliona wagonjwa waliopoteza usikivu zamani, kwa matubwitubwi, kwa kuumia kichwa, kwa homa za utotoni, kisha baada ya mwaka mmoja au miongo mingi wakaanza kuanguka.

Na akanieleza kuwa unakuja kwa sura mbili. Sura ya kwanza, sikio lile lile bovu ndilo linaloleta kizunguzungu. Usikivu haubadiliki, maana hakuna kilichobaki cha kubadilika. Sura ya pili, sikio lililokuwa zima ndilo linaloanza: linajaa, linavuma, usikivu unapanda na kushuka, na kizunguzungu kinaweza kuwapo au kisiwepo. Nilimuuliza mimi ni ipi. Akasema tupime kwanza.

Kipimo cha kusikia kilikuwa shilingi elfu arobaini na tano. Unakaa kwenye kijumba kilichofungwa, unabonyeza ukisikia mlio. Kushoto hapakuwa na mstari kabisa. Kulia palikuwa safi. Kisha wakanimiminia sikioni maji ya vuguvugu, na baadaye ya baridi, huku wakitazama macho yangu. Hicho kibaya, usiende peke yako, na usile sana kabla. Lakini ndicho kilichonishangaza: sikio la kushoto, lisilosikia hata ukilipigia honi, lilijibu. Kwa udhaifu, lakini lilijibu. Lilikuwa hai kwa upande wa mizani miaka yote ile.

MRI, picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa sumaku, ilinigharimu laki nne na nusu, maana bima sikuwa nayo wakati huo. Nilitaka kuikataa. Daktari akasema sikio moja lisilosikia pamoja na kizunguzungu, lazima uhakikishe hakuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu unaotoka sikioni kwenda kwenye ubongo. Hapakuwa na uvimbe. Akaagiza pia kipimo cha kaswende, kwa kuwa kaswende ya muda mrefu inaweza kuiga ugonjwa huu vizuri sana. Niliporudi na karatasi ile nyumbani, mume wangu aliitazama, akanitazama, akaitazama tena. Tulikaa kimya mpaka majibu yalipotoka. Kwa anayeandikiwa kipimo hicho: mwambieni mwenzenu sababu kabla hajaisoma karatasi peke yake.

Nilikuwa sura ya kwanza.

Sura ya pili nilikutana nayo kwenye foleni. Mzee mmoja wa Pangani, amevaa kanzu na koti juu yake, alikaa kushoto kwangu, mahali ambapo sisikii, naye alikuwa amenipa sikio lake bovu. Tulipigana maneno kwa muda bila kusikilizana mpaka mjukuu wake akacheka, akatubadilisha viti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nawe pia?"

Yeye alianguka kutoka kwenye mnazi akiwa kijana, akazimia, akaamka sikio la kulia halipo. Akaishi hivyo zaidi ya miaka arobaini. Kisha la kushoto, lile zima, likaanza kujaa kama mtu aliyepiga mbizi. Wiki hii anasikia, wiki ijayo sauti za watu zinatokea chini ya maji. Alidhani ni nta. Akatiwa mafuta ya nazi ya moto, akaoshwa sikio mara mbili, akangoja. Wiki tatu zikapita ndipo akafika kwa daktari, na sehemu ya usikivu iliyokwenda haikurudi. Nilimsikia daktari akimwambia mjukuu kwa upole kwamba usikivu ukishuka ghafla ni jambo la dharura, dawa za kutuliza uvimbe zinatakiwa zianze ndani ya siku chache.

Nilimlalamikia mzee yule habari zangu zote, nikaja kwenye laki nne na nusu, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe moto umerudi kwenye nyumba iliyokwisha kuungua. Mimi umewaka kwenye nyumba ninayolala."

Sikulalamika tena siku ile.

Matibabu yangu yalianza kwa jikoni. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, na hapo ndani ihesabiwe ile ya mkate na ya vikolezo vya pakiti. Mwambie mtu wa Tanga aache ng'onda, papa mkavu na achari uone uso wake. Familia nzima ilikula mchuzi wa ndimu na tangawizi mwezi mzima wakininunia, kisha wakazoea. Nilipewa dawa ya kukojoza ya asubuhi, na betahistini, dawa ya kizunguzungu, mara tatu kwa siku. Kwa siku ya kuanguka kwenyewe nilipewa proklorperazini ya kutuliza kizunguzungu na kutapika, na onyo: hiyo ni ya siku hiyo tu, ukiimeza kila siku unauzuia ubongo kujifunza kusimama upya.

Daktari hakunificha. Alisema ushahidi wa chumvi ni mdogo, lakini haidhuru mtu kuipunguza. Kuhusu betahistini alisema kuna utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2016 kwa wagonjwa wa Ménière, haukuona tofauti kati yake na kidonge tupu. Wengine wanaona nafuu, tuijaribu miezi sita tuone. Nilimheshimu kwa hilo. Ningekuwa nimeambiwa "utapona", ningekuwa nimekata tamaa Juni.

Na Machi ile korona ikaingia, watu wakavaa barakoa. Hapo ndipo nilipogundua miaka thelathini nimekuwa nikisoma midomo bila kujijua. Wateja wakawa wananiambia inchi, nami nakata inchi nyingine. Nikawawekea kalamu mezani.

Kufikia Agosti kuanguka kulipungua hadi mara moja kwa mwezi, nikaanza kujidai. Septemba, sokoni, nimeshika kikapu cha nyanya, nilitupwa chini. Si kuzunguka, si kulegea. Ni kama mtu amenisukuma kutoka nyuma kwa mikono miwili. Sikupoteza fahamu, nilikuwa nawaona watu wakinikimbilia. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Fundi cherehani bila mkono wa kulia, hesabu mwenyewe. Wiki sita za plasta, oda zote nikazirudisha, nikauza cherehani moja kati ya mbili.

Kuanguka kwa namna ile huwapata baadhi ya wenye ugonjwa huu, mizani inapokatika kwa nukta moja. Nilikuwa sijui, kwa hiyo nilikuwa bado napanda bodaboda, napanda ngazi kuanika nguo, na nakaanga maandazi nimesimama juu ya karai la mafuta. Ningekuwa nimeanguka jikoni nisingekuwa naandika.

Daktari akanipa njia ya pili: sindano ya jentamaisini, ile dawa ya kuua bakteria, inayopita kwenye ngoma ya sikio hadi sikio la kati. Nilishtuka. Jentamaisini si ndiyo ile inayosemwa inaua masikio? Ndiyo, akasema, na ndiyo sababu. Inaua seli za mizani za upande ule, habari za uongo zinakoma. Kwa mtu ambaye sikio lake bado linasikia hiyo ni kamari. Wewe la kushoto huna cha kupoteza. Kwa mzee wa Pangani asingeigusa. Yeye alitiwa deksamethazoni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa njia hiyo hiyo, haiui kitu.

Nilichomwa Januari na Februari 2021. Maumivu yenyewe ni madogo, ngoma hutiwa ganzi. Unalala kwa ubavu nusu saa, huruhusiwi kumeza mate wala kuongea. Gharama za yote mawili zilifika laki tatu na kidogo, nauli mbali.

Nisichoelezwa vya kutosha ni wiki zilizofuata. Nilitembea kama mlevi wa mnazi kwa wiki tatu, nikijigonga kwenye miimo ya milango, nikilia. Nilidhani wameniharibu. Kumbe ndivyo inavyokuwa: ubongo umezoea mizani mbili, sasa una moja, lazima ujifunze. Na haujifunzi ukilala. Nilifundishwa kutembea nikigeuza kichwa kushoto na kulia, kukazia macho kidole huku kichwa kinatikisika, kusimama mguu mbele ya mguu. Mwanangu wa mwisho alinishika mkono kila jioni barabarani mpaka Raskazone, watoto wa mtaani wakitufuata na kuniiga. Mwezi wa tatu niliweza kukaa tena mbele ya cherehani bila sindano kuhama.

Tangu hapo nimeshikwa mara moja tu, kidogo, dakika kama ishirini. Mlio sikioni haukuondoka. Ukikaa kimya usiku ni kama friji ya jirani. Gizani siwezi kutembea bila tochi, maana macho yanafanya kazi ya ile mizani iliyouawa. Baharini nimeacha kupiga mbizi. Mtu mwenye mizani moja akiwa chini ya maji yenye tope anaweza asijue juu ni wapi, na mimi ni mtoto wa pwani, hilo liliniuma kuliko plasta.

Jumla yote, tangu kumi lile la Ramadhani hadi sindano ya pili, ni zaidi ya milioni mbili, bila cherehani niliyoiuza. Laki sita na nusu za kwanza ndizo ninazozijutia. Zingebaki mfukoni kama ningetamka maneno manne: sikio la kushoto halisikii.

Sasa nayatamka kila mahali, hata nikienda kung'oa jino. Nayatamka hasa nikitaka kuchomwa sindano, kwa kuwa jentamaisini ya msuli au ya mshipa, streptomaisini na kwinini si za kumpa mtu mwenye sikio moja bila kufikiri mara mbili. Kila mwaka napima la kulia, kwa kipimo kile kile. Nimeambiwa likijaa, likivuma mlio mpya, au sauti za watu zikianza kufifia, nisingoje Jumatatu. Sichokonoi kwa pamba wala kwa njiti. Harusini nakaa mbali na spika, watu wanadhani naringa.

Na nimeambiwa jambo jingine la kuwatenganishia wenzangu. Kizunguzungu kikija pamoja na ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu wa upande mmoja kufa ganzi, au kichwa kuuma kuliko kawaida, hicho si cha kukaa na daftari. Huko ni kukimbilia hospitali saa ile ile, inaweza kuwa kiharusi.

Mzee wa Pangani hatupigiani simu tena, haisikii. Amepewa kifaa cha kusikia, anakivaa swala ya Ijumaa na akiwa na mjukuu. Ananiandikia ujumbe kwa herufi kubwa zote, siku yake ikiwa nzuri anaweka nukta mwishoni, ikiwa mbaya haweki.

Mwezi uliopita mtoto wa jirani amevimba mashavu. Matubwitubwi yamo mtaani tena. Chanjo ya surua na rubella wanayochomwa watoto wetu tangu 2014 haina kinga yake. Mama yake alikuwa anamchekea anavyofanana na puto. Nikangoja wiki mbili uvimbe ushuke, nikamwita mtoto kibarazani, nikamfumba macho kwa khanga. Nikasugua vidole karibu na sikio la kulia. "Unasikia?" Anasikia. Nikasugua kushoto. Kimya. Moyo ukanidunda. Nikasugua tena.

"Nasikia, shangazi," akasema. "Nilidhani bado ni lile lile."

Nikamwambia mama yake ampeleke akapimwe vilevile, kwa mashine. Mtoto akavua khanga, akaniuliza kama anaweza kwenda kucheza.